Pesa ya Kwanza ya Pikipiki Yako Iende Wapi? Mwongozo kwa Waendeshaji wa Busia na Tororo

Simama kwenye steji yoyote kati ya Busia na Tororo, umuulize kijana aliyenunua pikipiki juzi atafanya nini kwanza ili ivute zaidi. Jibu huja haraka: atabadilisha ekzosi, au ataitoboa ile aliyoikuta. Sauti ikipanda, huamini nguvu nazo zimepanda. Nimeandika mwongozo huu nikiamini kwamba pesa hiyo ya kwanza ina mahali pazuri zaidi pa kwenda, na kwamba pikipiki ya kawaida ya hapa mpakani inaweza kupanda, kubeba na kusimama vizuri kuliko sasa bila injini yake kufunguliwa hata mara moja.

Kwanza jua ulicho nacho. Chukua Boxer BM 150, maana imejaa pande zote mbili za mpaka. Injini yake ni ya cc 144.8 na hutoa nguvu za farasi zipatazo 12. Kipimo hicho ni cha usawa wa bahari. Busia na Tororo ziko mita 1,200 hivi juu ya bahari, ambako hewa imepungua uzito kwa asilimia 12 au karibu na hapo. Injini ya kabureta haina njia ya kusukumiwa hewa, huvuta iliyopo. Hewa ikipungua, nguvu nazo hupungua karibu kwa kiwango hicho hicho, na zile farasi 12 za kwenye karatasi zinabaki kama kumi na nusu barabarani. Boxer ya cc 100 yenye farasi wanane inabaki na saba. Sasa kaa wewe, panda abiria, funga gunia la mahindi la kilo 90. Huna nguvu za kupoteza, na pikipiki nyingi ninazoziona zinazipoteza ovyo kwenye cheni, tairi, chujio na breki kabla mwenyewe hajaenda kwa fundi kutafuta nyingine.

Kwa hiyo pesa ya kwanza kabisa ni ya kurudisha kilichopotea. Weka pikipiki kwenye stendi kubwa, toa gia, uzungushe gurudumu la nyuma kwa mkono. Likisita na kusimama papo hapo, kuna kitu kinalishika: breki imekazwa mno, beringi imechoka, au cheni imekauka na kujaa mchanga. Cheni yenyewe icheze kwenda juu na chini milimita 20 hadi 30 katikati ya sproketi mbili, na uipime ukiwa umezungusha gurudumu sehemu mbalimbali, kwa sababu cheni iliyochakaa hukaza mahali pamoja na kulegea mahali pengine. Hiyo haiponi kwa kukazwa. Ni ya kubadilishwa pamoja na sproketi zote mbili. Cheni mpya juu ya meno ya zamani huliwa upesi, na utanunua tena kabla ya mvua zijazo.

Chujio la hewa ndilo linalodharauliwa kuliko vyote. Barabara za murram za kwenda Majanji, au zile za wachimbaji wa dhahabu kule Tiira, hutoa vumbi jekundu jembamba linaloziba chujio kwa muda mfupi. Injini ikikosa hewa hula petroli nyingi na kuvuta vibaya. Chujio la sponji huoshwa kwa maji ya sabuni, likakaushwa na kupakwa oili kidogo. La karatasi hupulizwa mara chache kisha hubadilishwa. Wapo mafundi watakaokwambia ulitoe kabisa ili injini ipumue. Usikubali. Vumbi lile ni mchanga, na mchanga ukiingia kwenye silinda husaga ringi na ukuta wake mpaka pikipiki ianze kutoa moshi wa buluu na kunywa oili. Utakuwa umelipa gharama ya kufanyiwa injini upya kwa sababu ya raha ya wiki chache.

Halafu fungua plagi, uisome. Ncha ya rangi ya kahawia hafifu inaonyesha mchanganyiko wa petroli na hewa uko sawa. Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe, hewa imezidi na injini inachemka. Hapa kuna jambo la kwetu ambalo kitabu cha pikipiki hakitakwambia. Pikipiki nyingi za mtumba huja Busia kutoka Eldoret, mji ulio kwenye mita 2,100 hivi. Fundi wa kule anaweza kuwa alipunguza petroli kwenye kabureta ili ikubaliane na hewa nyepesi. Ukiishusha mpaka hapa bila kurekebisha jeti, mchanganyiko huwa mkavu, injini hupata joto na nguvu hukatika ukibeba mzigo kwa muda mrefu. Iliyotoka Mombasa huwa kinyume: inafika na petroli nyingi mno. Muulize aliyekuuzia pikipiki ilikuwa inafanya kazi mji gani. Swali hilo ni bure.

Petroli nayo ni sehemu ya nguvu. Ile ya chupa inayouzwa kando ya njia inaweza kuwa imechanganywa na mafuta ya taa. Tatizo hilo ni kubwa kiasi kwamba Kenya mwaka 2018 iliweka ushuru maalumu wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili uchanganyaji usiwe na faida. Injini inayogonga ukipanda mlima, jambo ambalo jana haikulifanya, ianze kuchunguzwa kwenye tangi.

Ukishamaliza hayo, pamoja na kupimisha tapeti na kubadilisha oili, endesha wiki moja kabla ya kununua chochote. Wengi hugundua kwamba pikipiki waliyodhani imechoka imerudi.

Sasa maboresho yenyewe. Nianze na yale yanayosaidia kusimama, na nina sababu. Kwenye kilomita 50 kwa saa unakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Ukipandisha mwendo hadi 60, nafasi unayohitaji kusimama baada ya kushika breki huongezeka kwa zaidi ya asilimia 40, ingawa mwendo umeongezeka kwa moja ya tano tu. Barabara ya Busia kwenda Malaba kupitia Alupe ina malori yaliyosimama foleni, watoto wa shule, ng'ombe na baiskeli zilizobeba ndizi. Mwenye pikipiki isiyosimama hulazimika kupunguza mwendo kila mahali. Mwenye breki nzuri hufika mapema kuliko yeye, hata kama injini zao zinalingana.

Tairi ndilo boresho la kwanza kununua. Kabla ya kulipa, tafuta ubavuni namba nne zilizozungushiwa umbo la yai: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2321 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2021. Mpira huzeeka hata ukiwa dukani, na tairi lililokaa juani mbele ya duka miaka mitano hushika vibaya kwenye lami yenye maji hata kama meno yake yanang'aa. Kama kazi yako ni ya mjini na lami, chagua meno ya wastani yenye mstari katikati. Meno makubwa ya matope yanapendeza macho, lakini kwenye lami hugusa ardhi kidogo, huliwa haraka na kuifanya injini ifanye kazi zaidi. Kama unashinda njia za vijijini wakati wa mvua za Machi hadi Mei, weka meno makubwa kiasi nyuma na ya wastani mbele. Baki na saizi ya kiwandani. Tairi pana kwenye rimu nyembamba hujipinda umbo, huwa zito kwenye kona, wakati mwingine hukwaruza cheni. Na nunua kipima upepo chako mwenyewe, kidogo cha mfukoni. Tairi laini hula nguvu na petroli kila siku bila kupiga kelele.

Breki za ngoma tulizo nazo si mbaya. Zimeachwa tu. Mwambie fundi afungue gurudumu mbele yako. Shuu zikiwa zinang'aa kama kioo, zimeungua. Zikwanguliwe kwa msasa au zibadilishwe. Ngoma ifutwe vumbi, kamu inayozipanua shuu ipakwe grisi kidogo sana, na waya wa breki ya mbele ubadilishwe kama unakwama. Waya mpya ni wa bei ndogo, na mara nyingi ndio unaoirudisha breki nzima. Tazama pia kijiti cha nje pale ambapo fimbo ya breki inashikia: ukibana breki, pembe kati ya fimbo na kijiti isipite nyuzi 90. Ikipita, shuu zimekwisha, na kukaza nati zaidi hakusaidii kitu. Wale wanaoendesha kwa breki ya nyuma pekee kwa kuogopa kupinduka wajifunze kuitumia ya mbele taratibu, kwenye uwanja mkavu, bila abiria. Pikipiki inaposimama uzito wake huhamia mbele, kwa hiyo gurudumu la mbele ndilo linaloweza kuzuia zaidi. Kuiacha breki hiyo bila kazi ni kutupa zaidi ya nusu ya uwezo wa kusimama uliolipia.

Baada ya tairi na breki, sproketi. Hili ndilo boresho la nguvu ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu linafanya kazi, bei yake ni ndogo, na ukilijutia unarudisha ile ya zamani mchana huo huo. Hesabu meno ya sproketi zako. Mara nyingi namba imepigwa chapa kwenye chuma. Tuseme mbele ni 14 na nyuma ni 42. Gawanya 42 kwa 14, unapata 3. Ukiweka ya mbele yenye meno 13, unapata 3.23. Msukumo unaofika kwenye gurudumu la nyuma umeongezeka kwa asilimia 7.7 katika kila gia. Hakuna ekzosi ya mtaani itakayokupa hivyo kwenye injini ya cc 150. Utaondoka kirahisi ukiwa na mzigo, utapanda kwa gia ya tatu pale ulipokuwa ukishuka hadi ya pili, na klachi haitaungua sana kwa kuwa huhitaji tena kuishikilia nusu ukianza safari.

Gharama yake ni mwendo wa juu. Kama pikipiki ilikuwa ikifika 90, kwa mzunguko ule ule wa injini sasa itafika 83 na kidogo, na kwenye lami ndefu injini itazunguka haraka zaidi, italia zaidi na kunywa zaidi. Kwa hiyo jiulize kazi yako ni ipi. Anayebeba kreti za soda na saruji kutoka Tororo kwenda vijijini abadilishe bila kusita. Anayechukua abiria mmoja wa Malaba hadi Tororo, lami tupu, aiache ya kiwandani. Na anayeweka ya mbele yenye meno 15 ili apate kasi huku akibeba watu wawili na gunia ajue anapoteza karibu asilimia 7 ya msukumo. Mara nyingi gia ya juu haitavuta kabisa, na ile kasi aliyoitafuta hataiona.

Unaweza pia kuongeza meno nyuma: 45 kwa 14 ni karibu sawa na 42 kwa 13. Njia hiyo ni ghali kidogo na huenda ikadai cheni ndefu zaidi, lakini cheni haijikunji sana, kwa hiyo hudumu. Mbele usishuke chini ya 13. Hakikisha sproketi mpya ni ya cheni ya namba yako, ambayo kwa pikipiki nyingi hizi ni 428. Kwenye Boxer kipima mwendo husomwa kutoka gurudumu la mbele, kwa hiyo hakitakudanganya. Kwenye pikipiki ambayo waya wake unatoka kwenye injini, kitaonyesha mwendo mkubwa kuliko unaokwenda.

Shoki na mzigo vinakwenda pamoja. Shoki za nyuma zina pete yenye ngazi. Watu wengi huiacha ilivyotoka dukani. Ukiwa na abiria na mzigo, ipandishe kwenye zote mbili sawasawa. Oili ya shoki za mbele hubadilishwa mara chache sana hapa kwetu, ilhali ikichakaa pikipiki huruka kwenye mashimo na breki ya mbele hupoteza mshiko. Kuhusu keria ndefu za kuchomelea: mzigo ukikaa nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele huwa jepesi, na usukani wenye gurudumu jepesi haukati kona. Mwambie mchomeleaji asogeze keria mbele na chini kadiri inavyowezekana. Uzito wa chuma chenyewe upunguze pia. Nimeona pikipiki zenye vyuma vya kulinda miguu, vya kulinda taa, vya nyuma na vya pembeni, vyote vizito, kisha mwenyewe analalamika haivuti.

Mwavuli ule mkubwa nao. Najua jua la Busia, na najua abiria wanaoupenda, hasa akina mama wenye watoto. Lakini upepo hukua kwa mraba wa mwendo: ukienda mara mbili, unazuiwa mara nne. Mwavuli ulio wazi kwenye kilomita 60 kwa saa hula sehemu kubwa ya nguvu ulizobaki nazo, na upepo wa lori linalopita huuyumbisha usukani. Uwe nao mjini kwa mwendo mdogo. Kwenye barabara kuu ukunje. Ni boresho la mwendo lisilogharimu hata shilingi.

Taa sitazisemea sana. Balbu ya LED hutumia umeme kidogo kuliko ya zamani ya wati 35, lakini kwenye pikipiki ambayo taa yake inapata umeme moja kwa moja kutoka koili bila kupitia betri, hupepesa na kufa haraka. Uliza kabla ya kununua, na ielekezwe chini, usimpofushe anayekuja.

Sasa ile ekzosi. Bomba la injini ya viharusi vinne halikutengenezwa kuzuia nguvu. Urefu wake na vyumba vyake vya ndani vimepangwa vilingane na kabureta ili moshi utoke kwa wakati na hewa mpya iingie. Ukilitoboa, kwa kawaida unapoteza mvuto wa chini, ule unaouhitaji kuondoka na mzigo, na mchanganyiko huwa mkavu. Faida ikiwapo huja kwenye mzunguko wa juu kabisa, mahali ambapo pikipiki ya kazi haifiki mara nyingi. Unachopata kwa uhakika ni kelele. Wagonjwa, watoto wanaolala na askari wa barabarani wote watakusikia. Vivyo hivyo kabureta kubwa iliyotolewa kwenye pikipiki nyingine, au pistoni kubwa: ni kazi za mtu mwenye vipimo na muda, na mwenye pikipiki ya pili ya kumlisha wakati hii imefunguliwa. Kama pikipiki si yako na kila jioni unapeleka hesabu kwa mwenyewe, usiguse injini bila ruhusa yake.

Kazi hii ya kubeba abiria ilianzia hapa Busia miaka ya 1960, kwa baiskeli nyeusi zilizovusha watu kati ya kituo cha mpaka cha Kenya na kile cha Uganda. Wenye baiskeli wale waliboresha kitu kimoja mapema: walifunga mto laini juu ya keria. Abiria aliyekaa vizuri alimtafuta mtu yule yule siku ya pili. Pikipiki zilikuja kwa wingi baadaye, hasa baada ya Kenya kuondoa kodi kwa zile za chini ya cc 250 mwaka 2008, na bado nadhani wazee wale walipanga mambo kwa mpangilio ulio sahihi. Kiti kikishonwa upya kwa sponji ngumu isiyobonyea, kitakuingizia pesa nyingi kuliko bomba la chuma.

Chochote utakachobadilisha, badilisha kimoja kwa wakati, upime. Chagua mpando mmoja unaoujua, abiria yule yule, gia ile ile, uone unafika juu ukiwa na mwendo gani. Petroli ipime kwa kujaza tangi hadi juu, kuandika kilomita, na kujaza tena baada ya siku kadhaa katika kituo kile kile. Ukibadilisha sproketi, tairi na jeti siku moja, hutajua kipi kimesaidia na kipi kimeharibu.

Kununua spea kuna mambo yake mpakani. Bei hutofautiana upande huu na ule kufuatana na thamani ya shilingi ya Kenya na ya Uganda, na ni halali kuvuka kutafuta nafuu. Kumbuka tu kwamba cheti rahisi cha wafanyabiashara wadogo, kinachohudumia mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ni cha bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sproketi ya India au tairi la China halimo humo, kwa hiyo ukinunua za kuuza, zitangaze forodhani. Za bandia zipo pande zote. Beba ya zamani mkononi, linganisha uzito, unene wa meno na ubora wa chapa. Sproketi nyepesi kuliko ile iliyochakaa ni ya kurudisha. Ukifikia kubadilisha injini nzima, namba yake iingizwe kwenye logbuku kabla hujavuka tena, kwa sababu namba isiyolingana na karatasi inaweza kuifanya pikipiki izuiliwe kama ya wizi. Hakikisha pia bima yako inafanya kazi upande wa pili. Kadi ya njano ya COMESA ndiyo iliyowekwa kwa ajili hiyo, na Kenya na Uganda zote zimo.

Kama baada ya haya yote umebakiwa na pesa na mkono unakuwasha kununua ekzosi, nunua kofia ngumu ya pili, ya abiria, inayomkaa vizuri na yenye mkanda unaofunga. Sheria za Kenya na za Uganda zote zinaidai, na pikipiki nyingi kati ya Busia na Tororo hazina.